Binti alirusha sarafu mara 30 akapata 18, akaandikiwa kosa. Nani yuko sahihi?

MamaPanzi (mwanzilishi wa uzi) | Jumatatu, saa 2:10 usiku

Jambo wote. Niko Bukavu, huku Panzi, na leo nimekaa na kaye, yaani daftari, ya binti yangu wa darasa la nane hadi chakula kikapoa. Naomba msaada wa wanaojua hesabu.

Wiki iliyopita walipewa kazi ya nyumbani juu ya uwezekano, ile wanayoiita probabilite shuleni. Swali lilisema hivi: "Rusha sarafu mara 30. Uwezekano wa kupata upande wa kichwa ni ngapi?" Tulianza kuhangaika na sarafu yenyewe. Franka yetu tangu ilipoanza mwaka 1998 tunaishika kwa noti, na noti hairushwi ikaangukia upande. Bibi yake, ambaye huvuka Ruzizi kwenda kununua vitu Kamembe, ndiye aliyetupatia sarafu ya faranga 100 ya Rwanda. Haina kichwa cha mtu, basi binti akaita upande mmoja "nembo" na mwingine "namba".

Yeye akarusha mezani, mimi nikachora vijiti. Nembo 18, namba 12. Akajibu 18/30, akarahisisha ikawa 3/5. Kazi imerudi leo: sifuri kwa 4, na pembeni kwa wino mwekundu imeandikwa 1/2. Binti analia, ananiambia, "Mama, si uliona kwa macho yako?" Na kweli niliona. Sasa nimweleze nini?

Ndugu_Nyawera | saa 2:31 usiku

Mama, jibu ni 1/2. Sarafu ina pande mbili, unataka mmoja, basi. Mwalimu hakukosea. Mtoto ashike kanuni, mwisho wa mwaka huu wa nane kuna TENASOSP, ule mtihani wa taifa, na huko hatakuwa na muda wa kurusha kitu.

Dada_Muhumba | saa 2:40 usiku

Ndugu, kama jibu lilikuwa 1/2 tangu mwanzo, mtoto aliambiwa arushe mara 30 ya nini?

MwalimuKadutu | saa 3:25 usiku

Mama, mpe binti pole. Nafundisha hesabu darasa la saba na la nane huku Kadutu, na swali la namna hiyo hunisumbua kila mwaka kwa sababu ni maswali mawili yaliyofungwa katika gunia moja.

La kwanza: kabla hujarusha chochote, ukiishika tu sarafu na kuitazama, unatarajia nini? Matokeo yanayowezekana ni mawili, hakuna unaloliona kuwa na nguvu kuliko jingine, unalolitaka ni moja. Moja kwa mbili. Huo ndio uwezekano wa nadharia. Unaupata umeketi, hujaamka hata kwenye kiti.

La pili: umekwisha kurusha, je, ulichokitaka kimetokea mara ngapi kati ya zote ulizorusha? 18 kati ya 30. Huo ni uwezekano wa majaribio. Huwezi kuupata bila kurusha, na watoto wawili wakikaa meza moja watapata majibu mawili tofauti, na wote wawili watakuwa sahihi ikiwa wamehesabu kwa ukweli.

Aliyetunga swali aliandika "rusha mara 30". Hapo ameomba la pili. Alipofika kusahihisha akatumia la kwanza. Mimi ningempa binti 4 kwa 4, kisha ningemwomba aandike 1/2 chini yake, na aniambie kwa maneno yake kwa nini namba hizo mbili hazilingani. Hapo ndipo penye somo lenyewe.

Kuna jambo tusilolisema darasani na linaniuma. Tunawafanya watoto waamini kwamba aliyepata 15 kwa 30 amefaulu na aliyepata 18 ameharibu. Wanachojifunza ni kupika matokeo. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa zima lilinirudishia 15, 14, 15, 16, 15, 15. Nilifurahi kweli. Baadaye nikaelewa kwamba karibu hakuna aliyerusha. Sarafu isiyo na upendeleo ukiirusha mara 30, nafasi ya kupata 15 kamili ni kama 14 tu kwa 100, yaani mtoto mmoja hivi kati ya saba. Nafasi ya kupata 18 au zaidi ni kama 18 kwa 100. Ongeza wale wa upande wa pili, watakaopata 12 au chini yake, inakuwa 36 kwa 100. Zaidi ya theluthi ya darasa lolote litakalorusha kwa uaminifu itakuwa mbali na 15 kama binti yako, au mbali kuliko yeye. Matokeo yake ni ya kawaida kabisa. Ningemtilia shaka zaidi aliyeleta 15.

MamaPanzi | saa 3:41 usiku

Mwalimu, aksanti sana. Nimemsomea maneno yako kuhusu 15. Ameacha kulia, sasa anataka kurusha tena mara 30 ili aone itatoka ngapi. Ni usiku, nimemkatalia.

Ndugu_Nyawera | Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini kama kila mtoto ana jibu lake hiyo si hesabu tena. Mimi nilifundishwa kwamba hesabu ina jibu moja.

MwalimuKadutu | saa 7:15 mchana

Ndugu yangu, nakujibu kwa kilichotokea darasani kwangu mwaka huu, kwa sababu mimi pia nililelewa na imani hiyo.

Nina watoto 52. Niliazima sarafu za Rwanda kwa wanawake wanaovuka mpaka, zikafika 13, basi kila kikundi cha watoto wanne kikawa na yake moja. Nilianza kwa kuwaambia kwamba sitatoa alama kwa namba watakayopata, nitatoa alama kwa vijiti vilivyochorwa vizuri. Kila mmoja akarusha mara 30. Aliyepata nembo chache kabisa alipata 9. Aliyepata nyingi kabisa alipata 21. Waliopata 15 kamili walikuwa 8 tu. Ukitazama meza moja moja unaona fujo, kila mtu na lake, kama unavyosema.

Kisha tukaanza kujumlisha ubaoni, mtoto mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza peke yake: 0.40. Na wa pili: 0.48. Na wa tatu: 0.52. Mstari ulikuwa unayumba kama mtumbwi wa wavuvi wa sambaza upepo ukivuma. Tulipofika mtoto wa ishirini mayumbo yalikuwa madogo. Tulipomaliza wote tulikuwa na mirusho 1,560 na nembo 791. Gawanya: 0.507. Kuna mtoto, wa kimya kabisa, alisimama mwenyewe bila kuitwa akasema, "Mwalimu, inaitafuta nusu." Sijawahi kuandika ubaoni sentensi nzuri kuliko hiyo.

Basi hesabu inalo jibu lake. Ila jibu hilo haliahidiwi kwa mirusho 30, linakaribiwa kadiri mirusho inavyoongezeka. Aliyelithibitisha kwa hoja za hisabati ni Jacob Bernoulli wa Basel, Uswisi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1713, miaka 8 baada ya kifo chake. Huwa nawaambia watoto kwamba jambo wanaloliona ubaoni lilimla mtu huyo miaka mingi, wasilidharau.

Dada_Muhumba | saa 8:02 mchana

Kuna mtu mwingine wa kutajwa hapa, na ni wa bara letu. John Kerrich alikuwa mwalimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1940 alikuwa Denmark kwa wakwe zake, Wajerumani wakaivamia nchi, naye kwa kuwa alihesabiwa Mwingereza akawekwa kizuizini huko Jutland. Kambini hakuwa na kazi. Yeye na mwenzake wakaichukua sarafu wakairusha mara 10,000, wakiandika kila mrusho. Kichwa kilitokea mara 5,067.

Nikiwaza mtu aliyefungwa katika nchi ya watu, vita vinaendelea nje, naye anachagua kuandika kwa uaminifu kitu kidogo namna hiyo mara elfu kumi, naona heshima. Wafundishaji wasome habari yake kwa watoto.

Kijana_Essence | saa 8:20 mchana

Samahani naingilia. Kwa hiyo ikiwa nembo imezidi mwanzoni, namba lazima zije nyingi baadaye ili ifike nusu? Nauliza kwa sababu nacheza pari ya mpira na nimekosa mara 6 mfululizo. Rafiki zangu wananiambia nisikate tamaa, ya saba ni yangu, nafasi zinarudi kusawazisha.

Dada_Muhumba | saa 8:47 mchana

Mdogo wangu, tafadhali usiweke hata franka moja kwa hoja hiyo.

Tazama namba za Kerrich vizuri. Katika mara 30 za binti wa MamaPanzi, nembo ilizidi nusu kwa 3. Katika mara 10,000 za Kerrich, kichwa kilizidi nusu kwa 67. Deni halikulipwa, limeongezeka! Lakini 3 katika 30 ni sehemu ya kumi nzima, na 67 katika 10,000 haifiki hata moja kwa mia. Kilichopungua ni uzito wa tofauti hiyo ukilinganisha na jumla. Namba hazikuja kwa wingi kusawazisha. Mirusho mipya iliendelea kuja nusu kwa nusu, ikazidi kuwa mingi, na ziada ile ya mwanzo ikawa kama kikombe cha maji kilichomwagwa ziwani.

Sarafu haikumbuki ilichofanya. Mrusho wa saba haujui kwamba sita zimepita. Na mpira wala si sarafu: timu mbili hazina nafasi sawa, na anayekuuzia tiketi ameshapanga malipo ili abaki na faida baada ya tiketi nyingi. Kwa ile moja anaweza kukosa. Yeye ndiye anayeishi kwa idadi kubwa ya mirusho, wewe huna mirusho hiyo.

Kijana_Essence | saa 9:05 alasiri

Nimeelewa hapo pa ziwani. Aksanti yaya.

MlushiKatuba | saa 10:30 jioni

Salamu kutoka Lubumbashi. Mtoto wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ameniletea swali lingine ambalo nadhani ni ndugu wa hili. Sarafu mbili kwa pamoja. Yeye anasema matokeo ni matatu: nembo mbili, namba mbili, au moja moja. Kwa hiyo kila moja ni 1/3. Nilimwambia ni kosa, akaniuliza kosa liko wapi, nikakosa maneno. Batoto ba siku hizi hawakubali "ni hivyo kwa sababu ni hivyo", na nadhani ni vizuri wasikubali.

MwalimuKadutu | saa 2:15 usiku

Mwambie ana wenzake wakubwa. Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa wa karne ya 18, aliandika mwaka 1754 katika ile Encyclopédie maarufu kwamba ukirusha sarafu mara mbili, nafasi ya kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Aliona hivi: kichwa kikija mara ya kwanza mchezo umekwisha, kisipokuja, mara ya pili ama kinakuja ama hakiji. Hali tatu, mbili ni nzuri. Lakini hali hizo tatu hazina uzito sawa. Jibu sahihi ni 3/4.

Kwa mtoto, usianze na maneno. Mpe sarafu mbili zisizofanana, mimi natumia ya faranga 100 na ya faranga 50. Aandike kila mara: ya 100 imetoa nini, ya 50 imetoa nini. Ataona mwenyewe kwamba ile "moja moja" yake ina milango miwili: 100 nembo na 50 namba, au 100 namba na 50 nembo. Nembo mbili ina mlango mmoja tu. Milango yote ni minne, na kila mlango una 1/4. Kwa hiyo moja moja ni 2/4.

Halafu arushe mara 120. Akishindwa kuniamini mimi, ataamini vijiti vyake.

MlushiKatuba | Jumatano, saa 1:20 usiku

Tumerusha. Nembo mbili 28, namba mbili 31, moja moja 61. Jumla 120. Kama angekuwa sahihi kila moja ingekaribia 40. Alinyamaza kidogo, akachukua 28 na 61 akajumlisha, 89 kwa 120, akasema hiyo ni kama 0.74, "karibu na 3/4, si ile 2/3 ya yule mzee Mfaransa". Sikumfundisha kufanya hivyo.

Ninachokiona hapa ni kwamba nadharia ilikosewa na majaribio ndiyo yaliyoikamata. Nilizoea kufikiri kinyume, kwamba nadharia ndiyo inayosahihisha.

Fundi_Bagira | saa 1:58 usiku

Mimi niko seremala, shule niliacha mapema, lakini nafuata uzi huu tangu juzi. Niko na jambo la kusema kuhusu dadu.

Watoto wangu wanacheza ludo, dadu yao ikapotea, nikawachongea ya mti. Nilipima pande zote kwa rula, ziko sawa kabisa. Nikatoboa matundu kwa keekee, moja hadi sita, kina cha nusu sentimita hivi. Wakaanza kugombana, mkubwa anasema dadu "inapenda sita". Nikawakemea, nikasema pande ni sita na zote ni sawa. Niliposoma hapa habari ya vijiti nikawaambia warushe mara 600. Walichukua siku mbili, kwa zamu. Hii hapa:

Moja: 71
Mbili: 95
Tatu: 101
Nne: 99
Tano: 96
Sita: 138

Mwalimu, kwa nadharia kila upande ungetoka kama mara 100. Hiyo 138 ni bahati tu kama 18 ya yule binti, au watoto walikuwa na haki?

MwalimuKadutu | saa 3:10 usiku

Papa Fundi, watoto walikuwa na haki, na nimeisoma orodha yako mara tatu kwa furaha.

Dadu nzuri ikirushwa mara 600, sita itayumba kidogo: 92, 108, hata 115 nisingeshtuka. 138 iko mbali mno. Ile 18 ya binti darasa langu linaitoa kila siku. Hii 138 unaweza kurusha dadu nzuri mara 600, ukarudia tena na tena mwaka mzima, na usiione.

Sababu umeitaja mwenyewe bila kujua. Ni matundu. Upande wa sita umeutoa mti mara sita, upande wa moja mara moja tu, na hizo mbili zinatazamana. Upande wa moja umebaki mzito, unapenda kukaa chini. Ukikaa chini, sita iko juu. Ndiyo maana sita imepanda na moja imeshuka hadi 71, huku mbili, tatu, nne na tano zikibaki karibu na 100. Rula yako ilipima urefu, haikupima uzito.

Rudolf Wolf, mwanaastronomia wa Zurich katika karne ya 19, alirusha jozi ya dadu mara 20,000 akaandika kila kitu, na dadu zake pia hazikuwa sawa. Kwa hiyo uko katika kundi la watu waangalifu.

Naomba ruhusa yako nitumie orodha hii darasani. Tunawaambia watoto "1 kwa 6 kwa sababu pande ni sita". Sababu hiyo haitoshi. Ni 1 kwa 6 ikiwa pande sita zina nafasi sawa, na hilo "ikiwa" ndilo watoto wanaloliruka kwa sababu sisi walimu tunaliruka.

Fundi_Bagira | saa 3:22 usiku

Ruhusa unayo. Kesho nachonga nyingine, nitatia nukta kwa rangi tu, bila kutoboa.

Dada_Muhumba | saa 3:40 usiku

Hata ile nusu ya sarafu ina "ikiwa" yake. Mwaka 2007 Persi Diaconis na wenzake walionyesha kwa hesabu za mwendo kwamba sarafu inayorushwa kwa kidole ina mwelekeo mdogo wa kuangukia upande uliokuwa juu mwanzoni, kama 51 kwa 100. Mwaka 2023 František Bartoš na kundi lake walitoa matokeo ya mirusho 350,757 ya kweli, ya mikono ya watu. Upande wa mwanzo ulirudi 50.8 kwa 100. Tofauti ndogo hivyo huwezi kuiona kwa mirusho 30 wala 1,560. Ndiyo maana walihitaji malaki.

Kwa mtoto wa darasa la nane nusu inatosha kabisa. Lakini asikue akidhani nusu ilishuka kutoka mbinguni.

Ndugu_Nyawera | Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Nimesoma vyote. Habari ya dadu ya fundi imenigusa, sikuwahi kufikiria uzito. Lakini bado nina hofu moja, Mwalimu, na naisema kwa nia nzuri. Una watoto 52 na somo la dakika 50. Sarafu hatuna. Wazazi hawatavuka mpaka kutafuta sarafu kwa ajili ya kazi ya nyumbani. Mwalimu wa mtoto huyo labda naye alibanwa hivyo hivyo.

MwalimuKadutu | saa 7:30 mchana

Hofu yako ni ya kweli na sitaipunguza. Mwenzangu aliyeandika sifuri simhukumu, huenda alikuwa na kaye 60 mezani na taa ya simu.

Lakini kuhusu vifaa nina jibu, na kwa kweli naliona bora kuliko sarafu. Vifuniko vya chupa. Pita nganda yoyote, yaani baa, jioni, omba vifuniko vya bia ya Primus, utapewa mfuko mzima bure. Watoto tayari wanavifahamu, wanavichezea dame. Kifuniko kina hali mbili kikianguka: meno juu au meno chini. Waulize darasani: uwezekano wa meno juu ni ngapi? Wote watapiga kelele, nusu! Kwa sababu hali ni mbili. Hapo ndipo unapowapa vifuniko warushe.

Mwaka huu vikundi 12 vilirusha mara 100 kila kimoja, kwenye sakafu ya saruji, kutoka usawa wa kifua. Jumla 1,200. Meno juu: 742. Hiyo ni karibu 0.62, na hakuna kikundi hata kimoja kilichoshuka chini ya 50. Somo zima lilichukua dakika 20, vijiti, kujumlisha na mjadala.

Na mjadala ndio mtamu. Kwa sarafu, mtoto anaweza kusema nadharia ipo, majaribio ni mapambo tu. Kwa kifuniko nadharia ya kugawanya haipo. Hakuna ulinganifu wa pande, sehemu moja ni bapa na nyingine ni duara la meno, na mimi mwalimu mwenyewe siwezi kukaa na karatasi nikakutolea 0.62. Ukitaka kujua, lazima urushe. Ndivyo ilivyo kwa mambo mengi ya maisha: mbegu ngapi zitaota kati ya mia, gari la Uvira litachelewa mara ngapi kwa mwezi. Hayana pande sita. Yana daftari la aliyehesabu.

MamaPanzi | saa 2:15 usiku

Kaka yangu ana nganda, basi leo tulikuwa na vifuniko kuliko samani. Binti amerusha 200 kwenye mkeka, meno juu 97 tu! Hiyo haifiki hata nusu. Mwalimu, mbona yako ni 0.62?

MwalimuKadutu | saa 2:34 usiku

Mama, vifuniko vyake vimepinda au ni vizima? Kifunguo kikivuta vibaya kinakunja katikati, na kifuniko kilichokunjwa ni kitu kingine. Na mkeka haurudishi kifuniko juu kama saruji inavyofanya. Asifute 97 yake. Aiandike hivyo hivyo, na pembeni aandike: mkeka, vilivyopinda. Kisha atenge vizima, arushe kwenye saruji.

Fundi_Bagira | Ijumaa, saa 11:50 jioni

Dadu mpya, ya rangi, mara 600. Sita 104, moja 97. Ugomvi umekwisha nyumbani.

MamaPanzi | Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Jana nilienda shuleni. Nilimsalimia mwalimu vizuri, nikamwonyesha vijiti na kumwambia tu kwamba mtoto alirusha kweli. Aliviangalia kwa muda, akaniuliza kama tulihesabu wawili. Nikasema ndiyo. Alimrudishia 3 kwa 4, moja ameibakiza kwa sababu hakutaja 1/2 popote. Binti amekubali, anasema ni haki.

Ameendelea na vifuniko vizima kwenye saruji ya baraza. Mpaka asubuhi hii amefika 640, meno juu 391, amegawanya mwenyewe, 0.61. Ameniomba niandike hapa kwamba wenye watoto walioko Goma wamrushie mara 100 na wamtumie, na waseme sakafu yao ni ya nini, kwa sababu amesikia kwamba huko nyumba nyingine zimejengwa juu ya mawe ya volkano na anataka kujua kama kifuniko kitaanguka vingine.